Mguu wa Mbuzi wa Akika

Kuze, Mombasa
Magharibi imeshaswaliwa

Rukia mwanangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, ujue barua hii imeandikwa na fundi mkubwa kuliko wote waliopata kuzaliwa kisiwa hiki. Kutoka Makupa mpaka Liwatoni, mtafute mwanamume mwenye mikono kama hii ya babako. Utamaliza soli za viatu vyako vipya na humpati. Baiskeli iliyokanyagwa na lori naikunjua mpaka mwenyewe akija kuichukua anauliza yake iko wapi. Nimeziba pancha za mashekhe na pancha za walevi, na hakuna aliyerudi kulalamika isipokuwa wenye roho mbaya. Na ni mimi peke yangu, pwani nzima hii, niliyemtengeneza mbuzi kwa spoki na mpira wa baiskeli, akasimama, akala majani mbele ya mashahidi. Daktari wa mifugo wa serikali hajafika hapo. Tena mimi shule niliiacha darasa la nne.

Usicheke kwa pua. Najua unacheka kwa pua, umerithi kwa mamako.

Mamako amekwambia yote ya kuambiwa: sabuni iko wapi, buibui likunjwe vipi, nani usile kwake, dua gani usome gari la moshi likianza kwenda. Nyanyako naye amekwambia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Mimi sitayarudia. Nimefunga mlango wa duka, nimewasha taa, nimeosha mikono na kuiosha tena, na bado karatasi imepata alama nyeusi pembeni. Hiyo ni grisi, si kitu kingine. Grisi mimi sina neno nayo. Grisi ni safi.

Ninayotaka kukwambia ni habari ya kinyaa, maana hilo ndilo somo pekee nililolisoma mpaka mwisho.

Wewe unanijua. Utando wa maziwa ukinigusa mdomo, siku yangu imekwisha. Unywele ukiganda kwenye sabuni siuondoi, naitupa sabuni. Mtu akipiga chafya karibu na sinia, mimi nimeshiba. Jirani yetu Abdalla mshona kofia, rafiki yangu tangu utotoni, akianza kutafuna tambuu mimi huhamia upande wa pili wa baraza, kwa sababu najua yale mate mekundu lazima yatatua mahali, na mahali penyewe Abdalla hapachagui. Nyanyako husema hakuzaa mtoto, alizaa paka wa sultani.

Ulipokuwa mchanga sikukufunga winda hata siku moja. Mamako akinyoosha mikono anipe wewe, nilikuwa nauliza kwanza, "Amekauka?" Kama hujakauka, mimi nilikuwa na kazi dukani. Ulikuwa mtoto mzuri, wallahi, lakini nilikupenda kuanzia kiunoni kwenda juu.

Na shule pia. Nyumbani tumezoea kusema niliiacha kwa sababu babangu alifariki na mamangu akahitaji mtu wa kufanya kazi. Babangu alifariki mwaka uliofuata. Lililotokea ni kwamba mwalimu alinipa zamu ya kuosha choo cha wavulana. Nilifika mlangoni, nikachungulia, nikaiweka ndoo chini taratibu kama mtu anayeweka mayai, nikaenda zangu Liwatoni kutazama watu wakipaka mashua rangi. Sikurudi. Kwa hiyo ukiniona nasoma gazeti kwa kidole, usidhani nilinyimwa akili. Ni choo.

Huko bwenini mtapewa zamu kama ile. Mtapewa na maharage yenye wadudu, na kitanda ambacho mtu mwingine amekilalia miaka na miaka, na godoro lenye ramani za watu wasiojulikana. Nikiandika tu mwili unanisisimka. Sina la kukufundisha hapo. Nimekwambia yangu yalivyokuwa.

Sasa mbuzi.

Wasichana wa bara watakuuliza akika ni nini, na najua ukianza kueleza sauti itakukwama, basi wasomee hapa. Mtoto akizaliwa kwetu huchinjiwa mnyama: wa kike mbuzi mmoja, wa kiume wawili. Mbuzi awe mzima, asiwe na chongo, asichechemee, asiwe na ila yoyote. Nyama hupikwa watu wakala, lakini mifupa haivunjwi. Hutenganishwa penye viungo, ikakusanywa yote, ikazikwa, kwa kuombea viungo vya mtoto viwe salama. Basi. Jambo lenyewe ni dogo hivyo, na hufanywa siku ya saba.

Ya kwako haikufanywa siku ya saba, wala mwezi wa saba. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimeoa juzi, na kilichokuwa kinunue mbuzi nilinunulia baiskeli nyeusi yenye taa ya dainamo na kengele ya sauti mbili. Nyanyako alisimama mlangoni akaniuliza, "Mbuzi yuko wapi?" Nikapiga kengele. Kisha nikamwambia mwakani. Na mwakani ikazaa mwakani nyingine, mpaka wewe ukaota meno, ukayang'oa, ukaota mengine, na mimi bado napita uchochoroni na kengele yangu.

Ikaja hii nafasi ya shule. Tangu bendera mpya ipande, shule za bara zinachukua watoto wa kila mahali, na wewe ukawashinda wote. Nusu ya Kuze ilikuja kutupa pongezi na nusu ilikuja kutupa pole, na wengine walileta zote mbili katika ziara moja. Nyanyako alingoja mpaka wageni walipoondoka. Ndipo akasema, "Mtoto huyu yumo rehani ya akika yake. Asome hata Ulaya, sina neno, lakini hapandi gari la moshi mpaka achinjiwe."

Mamako akasema, "Na mimi nasema hivyohivyo."

Wewe ukanitazama. Ulikuwa umeshika ile karatasi ya shule kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli limejaa. Nikajua sasa mwakani zimekwisha. Nikasema, "Mama, mbuzi ni kitu gani? Kesho atakuwa hapa."

Na kesho yake akawa hapo, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nilimchagua mwenyewe Makupa, dume jeupe, pua kavu, macho yamezungushiwa rangi nyeusi kama amevaa miwani. Yule muuzaji alikuwa amelala na mbuzi wake kibandani, ana kinyesi chao mpaka kwenye nyusi, na akanipa mkono hivyohivyo. Sikuupokea, niliweka wangu kifuani nikamsalimia kwa mbali. Akasema, "Mtembeze polepole, bwana, ametoka mbali, amechoka."

Nikamwambia, "Yakhe, huyu hatembei. Huyu anapanda."

Nikamfunga miguu, nikampakia nyuma ya baiskeli, nikamkaza kwa mikanda ya mpira, nikashuka naye mjini. Watu waligeuka, Rukia. Watu waliacha walichokuwa wanauza. Mimi kengele haikutoka kidoleni. Kufika Kuze nilikuwa nimesimama juu ya pedali, usukani nimeuachia, namwonyesha Abdalla kuwa naweza. Na hapo penye kona ya Abdalla mbuzi akachomoa mguu wa nyuma, ukaingia gurudumuni.

Ile sauti sitaiandika.

Tulilala chini wote watatu, mimi, mbuzi na baiskeli. Na niliyoyafanya unayajua kwa sababu ulikuwepo: nilitazama gurudumu kwanza. Nilikuwa nazipapasa spoki zilizokatika, moja moja, wakati wewe umetoka mbio na juzuu yako ya chuo cha Kurani kwapani, ukanipita kama jiwe, ukapiga magoti kwa mbuzi. Abdalla akasema kutoka barazani, na tambuu imejaa shavuni, "Fundi, nani kaumia zaidi?"

Nikamjibu, "Rimu."

Watu walicheka na mimi nikacheka nao. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeufunika ule mguu kwa ukingo wa leso yako.

Mfupa ulikuwa umekatika chini ya goti na ngozi imepasuka kidogo. Nyanyako akataka aitwe mtu anayejua mifupa. Mimi nikasema, "Na mimi ni nani?" Maana kumwita mtu aje kutengeneza kilichovunjwa na baiskeli, nyumbani kwa fundi baiskeli, hiyo ni fedheha. Nikachukua zile spoki zilizokatika, nikazinyoosha, nikaziweka kandokando ya mguu. Juu yake nikazungusha mpira wa ndani, mzunguko juu ya mzunguko, umekaza, kisha nikapaka solusheni, ile gundi ya pancha, kwenye mshono na kubonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Ile kazi ilikuwa nzuri. Ungeuzamisha mguu ule kwenye beseni na usingeona povu.

Nyanyako akasema, "Kidonda kinataka kupumua."

"Mama, pancha ikipumua ni pancha bado."

Mbuzi akasimama, akala majani ya mkunde, na Abdalla ni shahidi. Wewe ukamwita Karani kwa ajili ya miwani yake, ukampa pembe ya ua chini ya ngazi, ukamtandikia gunia. Nikakwambia usimpe jina, mbuzi wa kuchinjwa hapewi jina. Ukaniambia, "Mpaka achinjwe nitamwitaje?" Darasa la nne halikufika hapo.

Harufu ilianza kama kitu kilichosahauliwa kabatini. Nilimlaumu paka. Kisha nikalaumu mtaro wa jirani, kisha ng'onda wa mamako, tukagombana siku nzima juu ya papa mkavu asiye na hatia. Nilizunguka nikanusa kila kitu katika nyumba ile isipokuwa mbuzi. Asubuhi nikiinua kikombe cha kahawa, harufu imo ndani ya kikombe. Nguo zangu dukani zilinuka. Wateja wakawa wanasimama nje, wananisukumia baiskeli kwa mguu. Abdalla akauliza mbele ya watu, "Fundi, kwenu mmemzika nani juu ya ardhi?"

Nyanyako akasema, "Lete kisu."

Barua hii nimesema ni ya kinyaa, basi wacha niandike. Mpira ulipofunguka kilichotoka hakikuwa usaha, kilikuwa mchuzi. Nyama iliyokuwa chini yake ilikuwa ya kijivu na kijani, ngozi inabanduka pamoja na manyoya, inabaki kwenye mpira kama utando wa maziwa. Na katikati mle funza wanajipinda, weupe, wanono, wana afya kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu. Nilikuwa nimewajengea nyumba yenye joto, isiyopitisha maji, nikaipiga na solusheni. Mimi, kwa mikono hii. Na mle ndani spoki zimeshika kutu.

Nilifika mtaroni kwa mbio nikatapika mpaka nyongo. Nyuma yangu nikamsikia Nyanyako, "Paka wa sultani, usinizibie mwanga."

Wewe ulikuwa umeshachemsha mwarobaini na chumvi. Ulikaa pale na njiti ya fagio, unawatoa mmoja mmoja, unawaangusha kwenye kopo la mafuta ya taa, na unamdanganya Karani kwa sauti ileile uliyokuwa unadanganyiwa nayo ulipokuwa unachanwa nywele. "Mmoja tu. Tulia. Huyu ndiye wa mwisho. Tulia, mmoja tu." Mbuzi anakulalia begani, anakoroma. Mimi nilikuwa nikichungulia kutoka kwenye ngazi, leso ya mamako imenifunika pua.

Jioni uliosha mikono ukala muhogo wa nazi. Nilikutazama ukichovya vidole vilevile kwenye rojo, na nikakuonea kinyaa. Wewe, mwanangu mwenyewe. Niliinuka kwenye mkeka nikasema nimeshiba. Mamako alidhani ni ugonjwa. Siku zile zote sikula sinia moja nawe, na wewe uliona, kwa sababu ulianza kula upande wa ukuta.

Kidonda kiliposafika mfupa ulikuwa bado haujakaa. Nyanyako akasema unyooshwe, ufungwe kwa mabanzi ya mbao na vipande vya kanga kuukuu, watu wafanyavyo tangu zamani. Ilikuwa kazi ya watu watatu: mmoja kichwani, mmoja wa kuvuta mguu na kuushika unyooke, mmoja wa kufunga. Mamako alikuwa matangani. Basi tukawa mimi na wewe na Nyanyako, na hiyo ndiyo ikawa siku ya teke. Habari ya teke Kuze nzima inaijua. Nimeisimulia barazani mpaka Abdalla sasa anaisimulia kuliko mimi, jinsi mbuzi alivyorusha mguu kama punda, ukaponyoka, na Nyanya akafunga ulivyokuwa. Sina haja ya kuirefusha.

Nyama ikajaa. Manyoya yakaanza kuota, mafupi, ya rangi ya vumbi. Karani akanenepa. Kila asubuhi kabla ya chuo ulikuwa unakiosha kidonda, na kila asubuhi mimi nilikuwa dukani nikiwaambia watu jinsi ninavyomtibu mbuzi wangu. Nilisema "nimemkanda," nilisema "nimemsafisha." Mteja mmoja aliniomba nikamtazamie punda wake.

Nikatangaza akika. Ijumaa, baada ya swala, kwetu. Niliwaalika watu wa msikitini, wa barazani, hata wale wasionipenda, waje waone. Masufuria makubwa yakaazimwa, mchele ukachaguliwa mawe. Sanduku lako la bati likanunuliwa likawekwa ukumbini, na wewe kila ukipita ulikuwa unalifunika na kulifunua.

Nyanyako akamwita Maalim wa chuoni aje amwone mnyama kabla ya siku. Mimi sikupenda. Nilimpokea Maalim mlangoni, nikampa kiti, nikampa kahawa, nikamwelekeza ua ulipo huku nimesimama katikati.

"Mtazame alivyonenepa, Maalim. Mtazame uso. Ana uso wa msomi."

"Nimemwona. Mtembeze."

"Ametoka kula sasa hivi, tumbo limemlemea."

"Mtembeze, Fundi."

Wewe ndiye uliyeshika kamba. Karani akatoka chini ya ngazi na kutembea uani, na kila hatua alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi isiyokuwepo. Ncha ya kwato inagusa, nyonga inaanguka. Ule mguu umeungana, una nguvu, lakini umeungana kombo. Mimi nikaanza kusema juu ya mawe ya ua kuwa hayako sawa. Maalim akainua mkono, hakunitazama.

"Hafai," akasema. "Huu si uchechemeaji wa kutiliwa shaka. Mgonjwa kapona, alhamdulillahi, lakini kwa akika hafai." Kisha akauliza kwa upole, hana nia mbaya, "Nani aliyeufunga?"

Nyanyako akaitazama mikono yake. "Mimi, Maalim. Macho yangu siku hizi."

Nikadakia, "Si kosa la Mama. Mbuzi alirusha teke."

Hapo ulinitazama. Kamba iko mkononi mwako, Karani anakutafuna mkono wa gauni. Ulinitazama muda ambao mtu angeweza kusema jambo zima, kisha ukasema, "Maalim, nimrudishe chini ya ngazi?"

Kwenda kuwaambia watu Ijumaa haipo, mlango kwa mlango, kulikuwa na ladha kama ile ya mtaroni. Mbuzi mwingine siwezi kumnunua, unajua. Nyanyako akaenda ukumbini, akakaa juu ya sanduku lako la bati, akajifunika. Akasema, "Haendi." Mamako akalia. Mimi nikatengeneza kengele ambayo haikuharibika.

Na wewe ukamwendea. Nilidhani utamwangukia miguuni. Ukamwambia, "Nyanya, nikibaki, mguu wa Karani utanyooka?"

Akaniangalia mimi, si wewe, akasema, "Mdomo huu kaupata wapi mtoto huyu?" Akainuka sandukuni. Maalim alikuwa ameshamwambia kuwa deni si la mtoto, deni ni la baba, na bado lingalipo. Kwa hiyo kesho unapanda gari la moshi na hukuchinjiwa, na mwenye deni nipo. Ningekuandikia kuwa likizo ukirudi utakuta mbuzi mwingine, mzima, miguu minne iliyonyooka. Lakini nishasema mwakani mara nyingi katika maisha yako, na hata mimi neno hilo sasa linanichefua.

Leo asubuhi uliniita uani unifundishe. Ulisema kile kidonda bado kinatoa maji kidogo penye kovu, na Nyanya hakioni, na mama ana kazi. "Maji yawe ya vuguvugu, Baba. Usisugue. Na upumue kwa mdomo." Nilikiosha. Kile kitambaa kilipogeuka manjano nilisikia kahawa ikinipanda kooni. Karani akageuza miwani yake akanitazama kama kwamba ananihurumia. Nikakwambia, kwa kujifanya natania, "Wewe Mungu hakukuumba na kinyaa."

Ukasema, "Naona kinyaa, Baba. Naona sana. Nikifumba macho nawasikia wanatembea mkononi."

Ulisema ukiwa unakamua kitambaa. Hukuacha kukamua.

Miaka yote hii nilidhani kinyaa ni kitu wengine wamepewa na wengine wamesamehewa. Nilidhani yule aliyesafisha kile choo baada yangu alikuwa hanusi. Nilidhani mamako alikuwa hanusi winda zako. Usifikiri kwamba mimi kimeniisha. Kesho nitamwosha Karani na nitaona kinyaa vilevile, na keshokutwa, na kazi ile nitaifanya vibaya kuliko wewe, nikilalamika mpaka Abdalla asikie.

Lipo moja nimelizunguka tangu juu, na karatasi inakwisha.

Siku ile wewe umemshika kichwa, Nyanyako ana vitambaa mapajani, mimi nimevuta mguu. Nilivuta vizuri, Rukia. Niliuhisi mfupa ukikaa mahali pake, taratibu, kama mnyororo unavyokaa kwenye meno ya gia. Mguu ulikuwa umenyooka. Ukasema, "Hapohapo, Baba. Usiachie mpaka Nyanya afunge." Mimi nimegeuza uso, natazama ukuta. Kisha funza mmoja, sijui alikuwa amejificha wapi, akatoka kwenye kidonda akanipanda kidole gumba. Mmoja tu. Wewe ulimwona. Nyanyako hakumwona.

Sasa hivi yuko ndani anakufungia visheti, na namsikia akimwambia mamako kuwa mikono yake imezeeka, ndiyo iliyoharibu akika ya mjukuu wake. Nikishaikunja karatasi hii nakwenda kumwambia, na naogopa. Mikono yake haina neno. Mbuzi alikuwa ametulia, amekulalia begani. Hakurusha teke.

Niliachia mimi.

Babako